Natibu wagonjwa ambao hawajaanza kusema: kazi ya mzazi na kichanga kwenye hospitali za umma Uingereza

#1 mwambao_kaskazini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa kazi za afya ughaibuni nilisema natibu vichanga kisaikolojia. Baadhi yenu mlicheka, wengine mkanifuata PM. Maswali yanajirudia, kwa hiyo naona nijibu hadharani. Mods, naomba msiuunganishe na ule mwingine.

Nipo kaskazini mwa England, mwajiri wangu ni NHS, yaani hospitali za serikali, na mkazi wa kawaida akija kwetu halipi. Timu inahudumia wajawazito na waliojifungua wenye matatizo ya akili: sonona, hofu iliyopitiliza, uzazi uliowaachia majinamizi, na wale waliowahi kuchanganyikiwa kabisa. Kuna madaktari wa akili, wauguzi, mwanasaikolojia, mkunga na mimi. Tangu mpango wa NHS wa 2019, huduma hizi zinatakiwa kumfuata mama hadi mtoto afikishe miezi 24. Kabla ya hapo mwaka ukiisha umeshatoka kwenye daftari.

Wenzangu wanamtibu mama. Mimi natibu kilichopo kati yake na mtoto. Anakuja mama anayesema namlisha, namwogesha, namvalisha, lakini sihisi kama ni wangu. Anakuja aliyepoteza mimba mbili kabla ya huyu, sasa anaogopa kumzoea. Anakuja aliyelelewa kwa kipigo. Mtoto akilia tu, mwili wake unakufa ganzi. Akina baba nao wanakuja, ila wachache, maana miadi yetu iko saa za kazi na hilo hakuna anayelishughulikia.

Chumbani hakuna meza. Kuna godoro jembamba sakafuni, mito na vitu vichache vya kuchezea, tunakaa chini wote. Niwape mfano, nimeuchanganya kutoka visa kadhaa ili asitambulike mtu. Mama amemlaza mtoto wa miezi mitano mbele yake. Mtoto anamtazama, anatabasamu kidogo, halafu anageuza shingo na kukodolea hita ya ukutani. Mama ananiambia, "Umeona? Hanipendi. Hata hita anaipenda kuliko mimi." Anachukua njuga na kuitikisa karibu kabisa na uso wa mtoto. Mtoto anazidi kugeuka, anashikwa na kwikwi. Njuga inaongezwa kasi.

Hapo simfundishi mama chochote. Naongea na mtoto, mama akisikia: "Ulimwangalia mama, ukafurahi mpaka ikakuzidi, ukataka kupumzika kidogo. Sasa njuga nayo imekuja." Kisha nanyamaza. Mama anaishusha njuga. Inapita nusu dakika hivi, ndefu kwelikweli, mtoto anarudisha shingo mwenyewe na kumtafuta mama usoni. Kipindi kizima tulikitumia kwenye hiyo nusu dakika. Mama akaanza kuhadithia jinsi alivyokuwa akikosea utotoni, mama yake anamnunia wiki nzima, hamtazami. Kumbe kila mtoto anapogeuza shingo, yeye anamwona mama yake.

Njia hii ya kutibu mzazi na kichanga pamoja ilianzishwa na mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia Selma Fraiberg na wenzake huko Ann Arbor, Michigan, Marekani, miaka ya 1970. Walikuwa wanawafuata akina mama majumbani na kuongea nao jikoni. Mwaka 1975 waliandika kuhusu walichokiita mizimu ya chumba cha mtoto: mambo ya zamani ya mzazi yanaingia bila hodi na kukaa kati yake na mwanawe. Walimweleza mama ambaye mtoto alilia mbele yake naye akawa kama hasikii. Hawakumkaripia. Walimwacha kwanza alie vya kwake vya miaka yote ile, na baada ya hapo akaanza kumbeba mtoto.

Sasa kinachonikera, na ndicho hasa kilichonifanya niandike. Foleni. Daktari wa familia anaandika rufaa, rufaa inapitiwa, inapangiwa tathmini, halafu mtu anawekwa kwenye foleni ya tiba. Mtu mzima akisubiri miezi sita amepoteza miezi sita. Mtoto aliyeandikiwa rufaa ana miezi mitatu, akifika kwangu ana tisa: theluthi mbili ya maisha yake yote ameisubiri huduma. Na kwenye kompyuta yetu faili ni la mama. Mtoto anatajwa tu ndani yake. Kila baada ya vipindi kadhaa mama anajaza fomu, alama zinapanda au zinashuka, meneja anapata grafu yake. Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba mtoto amerudisha shingo.

Haya, ulizeni.

#2 dogo_wa_Buza

Mkuu, kwa hiyo kichanga kinalala kwenye kochi kinakueleza utoto wake ulivyokuwa mgumu 😂😂 Wazungu wana hela za kuchezea jamani.

#3 mwambao_kaskazini

😂 Kochi hatuna, bajeti haitoshi.

Ila hili la kwamba mtoto mdogo hana anachosema lilishapimwa. Kuna jaribio la mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani, la miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto kama kawaida, halafu anaambiwa aukaushe uso kwa dakika chache, asicheke, asinune, amtazame tu. Mtoto wa miezi michache anagundua mara moja. Anatabasamu, anarusha mikono, anatoa sauti, anajaribu mbinu zote anazozijua kumrudisha mama. Akishindwa anageuka pembeni na kujikunyata. Huyo ameshasema, tena kwa kirefu.

Na kitu kingine kutoka kwa huyohuyo Tronick, nawaambia akina mama wote: hata mama na mtoto wasio na shida yoyote, muda mwingi wanapishana. Wanakwenda sambamba kama theluthi tu ya muda. Wanapishana, wanarekebisha, wanapishana tena. Kuna akina mama wanaokuja kwangu wamechoka kabisa kwa kujaribu kutopishana hata mara moja.

#4 NesiMstaafu

Mwanangu, hongera kwa kazi. Mimi nimestaafu, nilikuwa kliniki ya mama na mtoto mkoa wa Tanga. Umenikumbusha mbali.

Sisi tulikuwa tunapanga foleni ya mizani. Mtoto anawekwa kwenye mkoba, ananing'inia, unaandika kilo, unachora nukta kwenye kadi, unaita mwingine. Mtoto ambaye nukta zake zinashuka mama anaulizwa amekula nini. Hatukumuuliza yeye analalaje. Na tukishaondoka, wenzake kwenye benchi wananong'ona: amembemenda mtoto. Mnajua maana yake, kwamba mama au baba ametoka nje wakati mtoto ananyonya. Basi mama wa namna hiyo kliniki ijayo humuoni. Anaona aibu kuja kupimiwa dhambi mbele ya watu. Wengi wao, nikikumbuka nyuso zao, walikuwa wagonjwa wa huzuni. Mtoto hanyonyi vizuri kwa kuwa mama mwenyewe kapotea akiwa amekaa pale pale.

#5 mwambao_kaskazini

Shikamoo mama. Nimeisoma mara mbili.

Hilo la kubemenda lina ndugu yake Uganda. Waganda wana ugonjwa wa mzazi wanauita amakiro, nao unahusishwa na mmoja wa wazazi kutoka nje ya ndoa wakati wa mimba, na husemwa mama anaweza hata kutaka kumla mtoto. Daktari wa akili wa Kiingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda miaka ya 1970, akawachunguza wajawazito na waliojifungua kule, na mwaka 1979 akaandika kuhusu amakiro. Baadaye, akiwa Scotland, yeye na wenzake wakatengeneza dodoso la Edinburgh la kupima sonona baada ya kujifungua, lilitoka 1987. Maswali 10, linauliza kuhusu siku 7 zilizopita, mama analijaza mwenyewe kwa dakika tano. Leo linatumika karibu dunia nzima, na huku muuguzi anayetembelea familia anaweza kukutolea ukiwa sebuleni kwako.

Kwa hiyo anayesema haya ni magonjwa ya Wazungu, aliyetengeneza kipimo chao alianza kuyachunguza Kampala.

#6 Mzee wa Kigamboni

Mleta mada, mimi sipingi elimu. Ila tuseme ukweli, hayo yote ni matokeo ya kuishi peke yako. Kwetu mwanamke akijifungua anarudi kwa mama yake, anakandwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga na mtori, mtoto anapokewa na mikono kumi. Arobaini ikiisha ametoka amenona. Huo ndio ushauri nasaha. Nyie mmeacha bibi nyumbani, mnakwenda kulipia bibi wa serikali.

#7 Mama Pacha

Mzee wangu kwa heshima zote, arobaini yangu mimi ilikuwa jela. Mama mkwe alihamia kwangu, maziwa yalichelewa, kila akiingia chumbani anasema "sisi tulinyonyesha, nyie wa siku hizi sijui mna nini." Pacha wawili, mshono wa upasuaji unauma, na mikono kumi ilikuwepo kweli, yote inanyooshewa mimi kidole. Nilikuwa nalia bafuni maji yakiwa wazi wasisikie. Nilinona ndiyo. Uji huo.

#8 mwambao_kaskazini

Mzee wangu, shikamoo. Nusu nakubaliana na wewe. Wagonjwa wetu wengi, na hasa wageni, hawana mtu wa kuwashikia mtoto waoge. Mwanamke kutoka Mombasa au Bujumbura anajifungua huku mwezi wa kwanza, giza linaingia saa kumi jioni, mume yuko zamu ya usiku ghalani. Huyo kabla ya saikolojia anahitaji mtu wa kumpikia. Mwenzangu wa timu siku nyingine kazi yake ni kutafuta hita na nepi.

Lakini Mama Pacha naye kasema. Mikono kumi inasaidia kama inambeba na mama. Na kuna mizimu ambayo inakuja na bibi huyohuyo.

Halafu kwa taarifa yako mzee, elimu ya jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake, anatambaa kwenda kuchungulia dunia na kurudi, sehemu kubwa ilianzia kwetu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alimfuata mumewe Kampala mwaka 1954, akazunguka vijiji vya jirani akitembelea nyumba 26 zenye watoto 28, kila baada ya wiki mbili hivi. Anakaa sebuleni, anatazama tu nani analia akiachwa, nani anarudi kwa nani. Majaribio yaliyompa jina aliyafanya baadaye Baltimore, Marekani. Kitabu cha Uganda kilitoka 1967.

#9 Nyali_kwetu

Ndugu, mimi naja na swali gumu usinikimbie. Dadangu yuko huko Uingereza, ana mtoto wa miezi minne, naona hayuko sawa. Nikimwambia aseme hospitali anakataa katakata. Asema ukifungua mdomo watu wa ustawi wa jamii waja wachukua mtoto. Na asema mkalimani wenyewe ni watu wa mtaani, kesho yake habari zako ziko harusini. Hapo wasemaje?

#10 mwambao_kaskazini

Sikimbii. Hili ndilo swali la kweli kwenye kazi hii, nitalijibu kwa urefu.

Kwanza ustawi wa jamii. Mimi kikazi nina kofia mbili na siwafichi wagonjwa. Siku ya kwanza nasema: utakayoniambia yanabaki kwenye timu, isipokuwa nikiona mtoto au wewe mko hatarini, hapo nitalazimika kuwahusisha wengine, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo isipokuwa kukuambia kunaongeza hatari. Wapo wanaonyanyuka na kuondoka wakisikia hivyo, na siwalaumu. Lakini mama kuwa na sonona, kulia, kusema simpendi mtoto huyu, hata kupitiwa na mawazo mabaya ya kumdondosha ngazini ambayo yanamtisha yeye mwenyewe, hayo ni mambo ya kila wiki kwetu, na kwa hayo peke yake hakuna anayenyang'anywa mtoto. Mawazo ya namna hiyo yanawajia akina mama wengi sana, na anayetetemeka kuyasema mara nyingi ndiye anayemlinda mtoto kupita kiasi. Kinachotutisha sisi ni mengine: kipigo ndani ya nyumba, ulevi uliokubuhu, mtoto kuachwa, mama aliyepoteza uhalisia na hana mtu karibu.

Nisiseme uongo pia. Kuna familia ambazo watoto huchukuliwa, na kuna wageni ambao malezi yao yalisomwa vibaya na mtu asiyejua desturi zao. Nimekaa kwenye vikao ambapo ilibidi nieleze kwamba mtoto kubebwa mgongoni kutwa siyo kwamba ananyimwa nafasi ya kucheza. Ndiyo maana nasema ni afadhali dadako aje mapema, mwenyewe, akiwa na nguvu za kujieleza. Anayekuja mwenyewe anatazamwa tofauti na anayeletwa.

Pili mkalimani. Ana haki ya kukataa. Aseme tu kwa mapokezi: nataka mkalimani wa simu, asiye wa mji huu, na jina langu lisitajwe. Inafanyika. Mkalimani mzuri ameapa kutunza siri, lakini jamii yetu huku ni ndogo na hofu ya dadako si ya kijinga. Kuna akina mama wa Kiswahili waliochagua kuongea na mimi Kiingereza kibovu kwa kuwa ndicho hakina shangazi. Na kuna wengine walipojua natoka Tanga waliomba wapewe Mzungu. Niliwapeleka kwa mwenzangu, hakuna kinyongo.

Wa kumwambia kwanza ni muuguzi anayekuja nyumbani kumpima mtoto. Amwambie maneno haya haya: sijisikii vizuri tangu nijifungue na nataka kusaidiwa mimi na mtoto pamoja. Hilo "pamoja" lina kazi yake, linaelekeza rufaa.

#11 Nyali_kwetu

Ahsante sana. Namtumia hii ya mkalimani wa simu sasa hivi.

#12 dogo_wa_Buza

Nilikucheka nimeacha. Mshahara je na unaingiaje?

#13 mwambao_kaskazini

Mishahara ya NHS iko kwa ngazi na imetangazwa mtandaoni, sina siri. Kwa njia ya tiba ya kisaikolojia ya watoto, mwanafunzi analipwa ngazi ya 6, akihitimu anaanza ya 7. Mafunzo ni miaka 4 na serikali inalipia, lakini nafasi ni chache na kabla yake unatakiwa uwe na shahada, uzoefu wa watoto, na umefanya utazamaji wa kichanga.

Utazamaji huo uliingizwa kwenye mafunzo na Esther Bick, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia ya watoto, pale kliniki ya Tavistock, London, mwaka 1948. Unatafuta familia inayotegemea mtoto, unakwenda saa moja kila wiki tangu azaliwe mpaka atimize miaka miwili. Huandiki ukiwa pale, hushauri, hushiki mtoto labda upewe. Unatazama, unarudi nyumbani, unaandika ulichoona. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mtoto analia, mikono inakuwasha, na unakaa.

Na wewe mwenyewe unatibiwa, angalau mara tatu kwa wiki katika muda wote wa mafunzo, ili mizimu yako usiingie nayo chumbani kwa watu. Wengine wanaingia kwa mlango wa uuguzi, ukunga au ustawi, halafu wanaongeza mafunzo ya kichanga. Mlango huo ni mpana kidogo.

#14 Mama Pacha

Na huku kwetu je? Saikolojia mara tatu kwa wiki hatuiwezi, tuseme ukweli.

#15 mwambao_kaskazini

Hatuiwezi, na sioni kama tunapaswa kuanzia hapo. Pakistan vijijini waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike wa ngazi ya jamii, watu wenye elimu ya sekondari, namna ya kuongea na mama mwenye sonona wakiwa kwenye matembezi yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kundi lililotembelewa mara zile zile bila mafunzo hayo ilikuwa 53. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake 2015. Wahudumu wa ngazi ya jamii tunao. Mzee wa Kigamboni, hapo ndipo bibi wako anapoingia, akifundishwa.

#16 mgeni_204

Samahani nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mke wangu amejifungua siku ya tisa leo. Siku tatu halali kabisa, hata mtoto akilala. Usiku anafagia, anaongea haraka haraka, jana amesema huyu mtoto tumebadilishiwa hospitali na redioni wanamtaja. Mama mkwe anasema tumpeleke kwenye maombi kesho. Je, tiba yako hii inaweza kumsaidia?

#17 mwambao_kaskazini

Kaka, acha kusoma uzi. Hii siyo ya kwangu, ni ya daktari, na ni leo. Usingoje kesho.

Inaonekana ni kule kuchanganyikiwa baada ya kujifungua. Inatokea kwa mzazi mmoja au wawili kati ya kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na inaweza kubadilika ndani ya saa chache. Inatibika, na wengi wanapona kabisa. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa sasa hivi. Mapokezi sema mambo matatu: amejifungua siku tisa zilizopita, halali siku tatu, anasema mtoto si wake. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika, wala asiachwe peke yake. Usibishane naye kuhusu redio. Maombi yafanyikie huko huko wodini.

#18 NesiMstaafu

Mwanangu, waambie wampime na joto, na malaria, na damu. Mzazi akishika homa ya kizazi au malaria kali anaweza kuongea hivyo hivyo. Wasimpe dawa ya usingizi tu na kumrudisha nyumbani. Beba kadi yake ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa.

#19 mgeni_204

Tumelazwa tangu jana usiku. Malaria hana, homa hana. Wamemchoma sindano, amelala saa sita mfululizo. Mtoto yuko na bibi yake nje ya wodi. Maziwa yamemjaa na analia nayo, tufanyeje? Na mtoto nimlete au nisimlete?

#20 mwambao_kaskazini

Afadhali. Kuhusu kunyonyesha muulize daktari dawa kwa jina, zipo zinazoruhusu na zipo zisizoruhusu. Litiamu kwa mfano kwa kawaida hawashauri. Asinyonyeshe kabla ya kupata jibu, ila maziwa yaendelee kukamuliwa.

Huku kuna wodi ambazo mama na mtoto wanalazwa pamoja. Hapo ulipo omba mtoto apelekwe kumwona mama kila siku, kwa muda mfupi, muuguzi akiwepo na wewe ukiwepo. Mama akigeuka asimtazame, usimlazimishe, msogeze mtoto tu kidogo. Na wewe mbebe mtoto, ongea naye, usimwachie bibi kila kitu. Anahitaji sauti moja anayoizoea wakati huu. Mama akishatulia, wiki kadhaa mbele, ndipo ya kwangu yanaanza, nifuate PM.

#21 NesiMstaafu

Maziwa yakamuliwe kwa mkono, asiyaache yagande, atapata jipu. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwanza. Daktari akiruhusu, mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, chupa hapana. Na Jumatatu mpeleke akapimwe uzito, hata kama mama yuko wodini. Unaenda wewe, baba, foleni ni ile ile.